Mkono wa Shija

Januari ile niliandikisha darasa la kwanza pale Kigwa kama miaka yote. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alipitisha mkono juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la upande wa pili, basi ameiva kwa shule. Mwanangu Shija, miaka mitano, alijipanga foleni bila kuniuliza. Vidole viliishia kwenye nywele. Alilia mpaka kamasi zikamfika kidevuni, nami nikacheka, Mungu anisamehe. "Mwakani," nikamwambia. Tangu hapo akawa anauvuta mkono wake kila asubuhi mlangoni.

Mwezi wa tatu treni iliyotoka Kaliua ilishusha wagonjwa. Vijana walisema zombi, kama kwenye sinema. Sisi tuliwaita waliozimika. Ugonjwa uliingia kwa meno. Ilikuja homa, kisha ubongo wa mbele, ule wa kufikiri na kujizuia, ukafa; zikabaki njaa na miguu. Jeshi lilipoanza kupambana nao kando ya reli, tulisikia risasi mpaka tukaacha kushtuka.

Siku tuliyohama, fundi baiskeli wetu alitokea kisimani, amezimika. Alimng'ata Kabula, binti wa jirani yangu, begani. Kisha Shija, kwenye kifundo cha mkono.

Nilimpiga fundi kwa jembe. Alikuwa amenitengenezea baiskeli miaka tisa.

Tukashika njia ya zamani ya misafara, inayoambaa na reli hadi Tabora. Nilimvalisha Shija sweta la mikono mirefu. Mama Kabula aliona.

Kizuizini, nje ya mji, palikuwa na askari na hema jeupe. Muuguzi alipaza sauti: "Aliyeng'atwa ajitokeze! Sindano ipo, lakini iwahi kabla ya homa!"

Sikumwamini. Njiani watu walisema wanaoingia hemani hawatoki.

Mama Kabula akamshika binti yake mkono, wakaenda. Nikamwona mjinga.

Waliozimika hawawezi kufuata agizo, hata dogo, kwa hiyo watoto walipimwa kwa jambo wanalolijua wote. Askari kijana akachuchumaa mbele ya Shija.

"Shikamoo, mama. Mwambie ashike sikio."

"Marahaba. Shija, shika sikio."

Akajinyoosha, akapinda shingo, akafumba macho. Sweta likapanda kidogo.

Kidole kikagusa.

"Mama, mkono umefika!"

Askari akampigia makofi, akatufungulia kamba.

Homa ilimshika tukiwa Tabora kwa dada yangu. Nilimkimbiza hospitali, nikasema kila kitu, lakini nilikuwa nimechelewa. Baadaye daktari alinieleza taratibu: "Ubongo wa mtu mzima ni nyumba iliyokwisha kujengwa; ukiungua, ndiyo basi. Wa mtoto bado unajengwa. Wa huyu haukuungua, mama. Ugonjwa umewafukuza mafundi." Shija hakuzimika. Alibaki pale pale alipokuwa siku ile, na mwili ukaendelea kukua peke yake.

Vita viliisha, nikarudi Kigwa kufundisha. Kabula ana kovu begani na yuko kidato cha kwanza. Hunipa shikamoo njiani, nami humwitikia nikiangalia chini. Mama yake hajawahi kunisema. Mara nyingine natamani anitukane. Watu hunipa pole ya vita na mimi huipokea, ingawa najua ni nani aliyemvalisha mtoto lile sweta.

Shija sasa ana miaka kumi na miwili, amenifika begani. Nimemwandikisha mara mbili. Herufi aliyoishika asubuhi ilikuwa imemtoka kabla ya uji wa saa nne, na wenzake wakawa wanamcheka, kwa hiyo nikamrudisha nyumbani. Hilo nalo halikumbuki. Kila Januari hujipanga foleni na wadogo, akapitisha mkono juu ya kichwa. Vidole vinapita sikio mpaka kwenye taya.

"Mama, mkono umefika?"

"Umefika, baba."

"Kwa hiyo kesho naanza?"

Rejista iko mbele yangu, kalamu mkononi.

"Mwakani," namwambia, naye huniamini.