Gayogayo wa Ziwani

Baba yangu alinifundisha kufunga ndoana kabla sijajua kusuka nywele. Kwetu Kilifi tulivua gayogayo, yule samaki bapa anayelala chini akajifunika mchanga, macho yake yote mawili yakiwa upande mmoja, yakitazama juu. Humpati kwa ndoana inayoelea. Unataka chubwi yenye ndoana: kichwa cha risasi kilichomiminwa kwenye shingo ya ndoana, na manyoya machache nyuma. Iwe nzito kiasi cha kugusa mchanga, na nyepesi kiasi cha kuruka ukitikisa mshipi. Maji yakienda kasi unachukua nzito; yakitulia, nyepesi. Ikigonga chini inatimua vumbi, naye hudhani ni kamba anakimbia. Shibiri moja juu yake unafunga ndoana ndogo ya pili kwa uzi mfupi, unaivika kipande cha ngisi. Akigusa usivute, kwa maana kwanza huuma mkia tu, ngoja ameze. Hayo niliyajua kama ninavyojua kupika wali, na nilijivunia.

Kampala nilifika na mume wangu, mtu wa Kisumu, karani wa reli. Tulikaa katika nyumba za reli za Nsambya, na mdogo wake akaishi nasi. Shemeji alikuwa mwanamume mzima, mcheshi, mwenye mabega ya kupiga kasia, na alipata riziki yake kwa wavuvi wa Ggaba, ufukweni mwa ziwa. Alinitania kwamba sisi watu wa pwani tunavua samaki waliokanyagwa. Mimi niliajiriwa na Mhindi mmoja aliyeuza vifaa vya uvuvi na uwindaji, mtaa wa pili kutoka Kisenyi. Wahindi walipofukuzwa, alinipa funguo na kunisihi niziangalie ndoana zisishike kutu. Wiki hiyo hiyo duka likapewa kapteni wa jeshi. Askari wake walibeba bunduki za kuwindia, visu, hata viti. Chubwi hazikuguswa, kwa kuwa hakuna aliyejua ni nini, nami nikabakizwa ili nizieleze.

Mkabala na duka letu palikuwa na fundi cherehani. Asubuhi moja askari alikuja kuchukua suruali yake, fundi akamwambia itakuwa tayari Ijumaa. Askari akanyanyua pasi ya mkaa kutoka mezani na kumpiga nayo usoni, ikiwa bado ya moto. Nilisikia ngozi inavyolia. Kisha yeye na wenzake wakamtia kwenye buti ya gari, miguu haikuingia vizuri, wakaipigapiga kwa kifuniko mpaka ikakunjika. Ilikuwa saa nne, barabara imejaa watu, na kila mtu aligundua kwamba ana haraka. Kiatu chake kimoja kilikaa mlangoni kwake siku nyingi, hakuna aliyethubutu kukiokota.

Kapteni wetu hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na sauti ya chini na kucha safi. Siku moja akifungua maboksi yaliyotoka ng'ambo, aliona picha ya samaki juu ya kifuniko, akayacheka macho yale ya upande mmoja. Akauliza ni samaki gani. Nami, kwa kiherehere changu, nikamjibu kwamba huyo ndiye gayogayo, hakuna samaki mtamu kumshinda, na chubwi zilizomo ndizo zake hasa. Basi. Sikusema wa baharini. Kwetu pwani hakuna anayesema samaki wa baharini. Samaki ni samaki, na maji ni ya chumvi. Kapteni akasema Jumapili atakwenda ziwani kumvua, anataka mpiga kasia mzuri. Nilidhani ni matembezi tu ya mkubwa anayetaka kupunga upepo. Nikamtaja shemeji, nikaona nimemtafutia kazi.

Jumapili hiyo shemeji alirudi saa tisa, taya limevimba na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimevunjika. Tulimpeleka hospitali ya Mulago, tukasema ameteleza. Alitueleza akiwa anatema damu kwenye kikombe. Kapteni alishusha chubwi, akatoa mputa mkubwa, yule sangara wa ziwani, akamrudisha majini na kuuliza yule wake bapa yuko wapi. Shemeji, ambaye mdomo wake haukujua kona, akamwambia samaki huyo hayumo katika ziwa hili. Mlinzi aliyekuwa nao akaguna kicheko. Hapo ndipo kapteni alipochukua kasia. Shemeji alisema hakupigwa kwa ajili ya samaki, alipigwa kwa ajili ya kile kicheko.

Jumatatu kapteni alikuja dukani peke yake. Hakuwa na mlinzi, hakukuwa na mteja. Aliegemea kaunta, akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Ile mtu yako nasema samaki hakuna. Wewe nasema nini?"

Tulikuwa wawili tu. Kama kulikuwa na siku ya kusema, ilikuwa ile. Ningesema kosa ni langu, afande, huyu ni wa maji ya chumvi. Labda angenizaba kofi. Labda angecheka, maana hapakuwa na mtu wa kumwona akikosolewa. Lakini macho yangu yalikwenda ng'ambo ya barabara, kwenye kile kiatu, na ulimi ukanigeuka. Nikamwambia chubwi ilikuwa nyepesi, tujaribu nzito zaidi. Nikamchagulia. Nikafunga fundo mbele yake, nikamweleza hata rangi ya manyoya, kwamba nyeupe inafaa siku ya mawingu. Alifurahi, akanishukuru.

Ikawa hivyo Jumapili tano, pamoja na ile ya kwanza. Kila Jumatatu nilibadilisha chubwi, na kila Jumapili shemeji alilipia. Wiki moja ilikuwa jino. Wiki nyingine mlinzi alimshika kichwa chini ya maji mpaka akajisaidia ndani ya mtumbwi, kisha wakamlazimisha auoshe. Sikio lake la kulia halikusikia tena. Hakuweza kutoroka, kapteni alichukua kitambulisho chake na alijua mlango wetu, angekimbia yeye angechukuliwa kaka yake. Nyumbani shemeji hakunilaumu, na mimi sikumwambia mume wangu nilichojibu siku ile dukani. Nilimkanda shemeji mgongo kwa maji ya moto, nikilia, nao wakadhani ni huruma.

Mume wangu ndiye aliyepata shauri. Alikuwa na rafiki aliyefanya kazi kwenye treni za Mombasa. Akamwomba alete gayogayo mmoja, ndani ya debe lenye barafu na maranda ya mbao. Shemeji angemficha chini ya ubao wa mtumbwi, na kapteni akigeuka angemtia kwenye ndoana na kumshusha. Kapteni angepata samaki wake, na mambo yangekwisha. Samaki alifika Jumamosi. Macho yake yalikuwa meupe. Niliyaona, nikajiambia mtu wa bara hatajua.

Kwa ajili ya mpango huo nilifunga mshipi vizuri kuliko nilivyowahi kufunga. Niliweka chubwi nzito chini, na juu yake ndoana iliyo wazi, yenye uzi mrefu kidogo, ili mwenye vidole vibovu aweze kumvika samaki haraka. Asubuhi ya Jumapili gari la kapteni likasimama mbele ya nyumba yetu. Alisema na mimi niende, nikaone. Tukawa wanne ndani ya mtumbwi: kapteni mbele, mimi na mlinzi katikati, shemeji nyuma na kasia.

Kapteni aliinama kuchukua bia kwenye kreti. Shemeji alivuta mshipi kwake, akafanya alichofanya, akauachia. Nilihesabu pumzi zangu. Kapteni akashika mshipi, akauhisi ni mzito, akavuta, na gayogayo akatoka majini akizungukazunguka. Mlinzi akapiga makofi. Kapteni alimshika samaki kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto. Kisha akafunua shavu lake, akatazama ndani, akanusa.

"Mimi nazaliwa kando ya Nile," alisema. "Baba yangu mvuvi. Hii samaki nakufa zamani."

Akauliza nani amemweka. Shemeji akajibu kabla swali halijatua.

"Ni mimi peke yangu, afande. Shemeji hajui kitu."

Kapteni akamwambia mlinzi amshike. Mlinzi akampiga kitako cha bunduki kifuani, nikasikia mbavu. Hapo nikashindwa. Nikapiga magoti ndani ya maji ya mtumbwi, nikasema yote niliyopaswa kusema siku ile dukani. Nikasema samaki huyu ni wa baharini, hayumo ziwani na hajawahi kuwamo, kosa ni langu, shemeji alisema kweli tangu siku ya kwanza. Niliamini namwokoa. Nilikuwa nikisema huku nimeshika buti la kapteni.

Mlinzi akacheka. Hakukusudia, nadhani, kilimtoka tu: Jumapili tano mkubwa wake alikuwa akivua samaki asiyekuwepo.

Kapteni alimtazama mlinzi, kisha akanitazama mimi. Akatoa bastola na kumpiga shemeji risasi hapa, chini ya jicho. Kichwa kilirudi nyuma na mwili ukakaa vilevile, umeshika kasia. Akampiga mara ya pili shingoni, kisha akamsukuma kwa mguu. Alizama upesi. Damu ilikuwa usoni mwangu na kwenye kreti ya bia. Nikaambiwa nipige kasia. Nilipiga mpaka ufukweni, kwa kasia lililokuwa linateleza mikononi. Tuliposhuka kapteni akanikumbusha nifungue duka kesho saa mbili. Nililifungua, na niliendelea kulifungua mpaka mwaka uliofuata, mume wangu alipohamishiwa Kenya.

Jumapili ile nilimkuta mume wangu amekaa kizingitini. Aliona nguo yangu, hakuuliza mdogo wake yuko wapi. Alisugua magoti. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu, kama mdogo wake alipata nafasi ya kusema neno kabla ya kufa, apate kumpelekea mama yao.

Ningemwambia neno lile la kunikinga, angeuliza alilisema kwa nini, na kapteni alijibiwa nini, na nani aliyejibu. Nikamwambia hapana, hakusema kitu.