Mlinzi Anayepima Uchungu kwa Macho

Mlinzi wa geti la wodi ya wazazi hakutazami usoni, anakutazama miguu. Anayejikokota akishika ukuta anafunguliwa. Anayetembea wima anaambiwa arudi nyumbani akapumzike. Nani kampa udaktari, hakuna ajuaye. Njiti ya kiberiti haimtoki mdomoni, na kidole gumba hakibanduki kwenye komeo, utadhani geti lenyewe karithi kwa baba yake. Asubuhi hiyo msusi mmoja, mimba yake ya miezi tisa, alisimama mbele yake, wifi yake kando.

“Mtoto hachezi tangu jana.”

“Uchungu umeanza?”

“Bado. Nimekwambia hachezi.”

“Amelala huyo, mama. Hata wangu walikuwa hivyo hivyo.” Akahamishia njiti upande wa pili. “Wenye uchungu kwanza.”

Walikuwa hivyo hivyo! Kwani mimba hizo alizibeba yeye? Damu ikamchemka msusi. Tangu jana amekunywa maji baridi, amelalia ubavu, amejipapasa tumbo akimbembeleza mwanawe acheze. Sasa aanze kubembeleza na komeo? Akajikunja, akamng’ang’ania wifi yake begani, akapiga yowe lililowageuza wapita njia. Komeo likafyatuka.

“Ndiyo hivyo sasa,” mlinzi akasema, ameridhika kabisa.

Alipokwisha kuvuka geti, msusi akajinyoosha, akatengeneza gauni, akashika njia wima.

“We mama! Kumbe mzima?”

“Mimi ndiyo mzima,” akajibu bila kugeuka, mkono tumboni. “Nakwenda kumuulizia huyu.”