Shoka la Sijaona na Kamba Yake

Wapita njia wa Kibiti humwona Warda, binti wa Mzee Maneno, ameinamia kibao cheusi barazani, kalamu mkononi, na wengi wamekwisha amua kuwa ni karani. Ukiwaambia kwamba mwanamke huyu anachora mapanga, mikuki na mashoka ya watu wasiokuwapo duniani, na kwamba ndiyo kazi inayomweka mjini, watakutazama kama mtu aliyepigwa na jua. Warda mwenyewe alikwisha choka kueleza. Tangu utoto alikuwa mtu wa kufanya kwanza, maelezo baadaye, na kwa ukaidi hana mwenzake kutoka Kibiti hadi Mbwera alikozaliwa.

Huko Mbwera baba yake alikuwa mkata mikoko. Alikuwa na kibali chake, mtumbwi wake na shoka lake, na boriti alizokata zimesimamisha nyumba nyingi ambazo hatazijua kamwe. Goti lilipogoma kuingia na kutoka mtumbwini, wakahamia Kibiti, yeye na mkewe Mwanamina na Warda, na shoka wakaja nalo. Likawekwa pembeni mwa chumba cha mzee, nyuma ya mlango, likawa mstaafu mwenzake.

Warda alijifunza kuchora kwa kompyuta alipokuwa Dar es Salaam, kisha akarudi nyumbani, kazi na kibao chake cha kuchorea kwenye begi. Kampuni iliyomwajiri hutengeneza gemu za simu, na mkuu wa wachoraji, Hemedy, humpigia simu ya video mtandao unapotaka. Kwa muda mrefu alichorea maadui tu, wale wanaokufa kabla mchezaji hajawajua. Safari hii alipewa silaha ya shujaa. Gemu yenyewe ilikuwa juu ya binti aitwaye Sijaona, anayeingia msitu wa mikoko unaokaliwa na majini kuyarudisha maji yaliyokupwa yakakataa kujaa. Warda aliposikia hivyo, moyo ulimdunda. Alikuwa amecheza gemu nyingi tangu utoto, na kila shujaa alishika upanga wa nchi za baridi. Alitaka mtoto mmoja wa Mbwera afungue simu akione chombo cha kwao mkononi mwa shujaa. Hilo tu ndilo alilolitaka, na alilitaka kweli.

Kwa hiyo akalitoa shoka la baba yake nyuma ya mlango, akalilaza kwenye mkeka, akalichora. Akachora kutu ya chuma chake, ufa wa mpini, alama ya visu viwili aliyoichonga mzee ili lisichanganywe na la mtu mwingine. Akachora hata weusi wa jasho pale kiganja kilipokuwa kikishika. Mchoro ulipokamilika ungedhani unaweza kuuokota ukapasulia kuni.

Hemedy aliusifu, kisha akaupunguza mpaka ukawa na ukubwa wa ukucha, maana ndivyo mchezaji atakavyouona. Shoka likatoweka. Kilichobaki ni kijiti chenye doa. Alimwambia kwa upole kwamba kazi ni nzuri lakini simu haina nafasi ya kutu. Warda akakasirika, akaamini kuwa huyu bwana wa mjini hajui shoka. Akatoka na simu hadi kijiwe cha bodaboda, akamwonyesha Iddy, kijana wa delta ya Rufiji kama yeye, akamuuliza yule binti ameshika nini. Iddy aliisogeza simu karibu na pua.

"Sista, si mwiko huo? Anaenda kusonga ugali."

Wenzake wakacheka, na Warda akarudi nyumbani amenuna. Iddy hakuwa bwana wa mjini. Iddy alikulia kwenye mikoko, na kama yeye ameona mwiko, basi ni mwiko.

Hasira hasara, walisema wa kale, na Warda akaenda kuyathibitisha maneno yao. Usiku uleule alichora shoka jingine kwa kisirani. Likawa refu kumpita Sijaona mwenyewe, lina pembe mbili, lina makali pande zote, na moto wa zambarau unaruka juu yake. Akamtumia Hemedy kama mtu anayemtupia mwenzake kandambili. Hemedy akalipenda. Akasema hapo sasa, hili linaonekana, hili linaingia kwenye gemu.

Angeweza kuliacha hivyo. Jina lake lingetokea, kazi ingekwisha, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini asubuhi alimwonyesha baba yake. Mzee Maneno alivaa miwani, akatazama kwa adabu kama mtu anayeonyeshwa picha ya mkwe asiyempenda. Kisha akauliza, "Hili la watu wa wapi, mwanangu?"

Hakuwa anamkejeli, alitaka kujua. Swali lile lilimchoma Warda kuliko mwiko wa Iddy. Akampigia Hemedy, akaomba alirudishe. Hemedy alishangaa, kisha akazungumza kama mkubwa wa kazi.

"Dada Warda, nakupa mpaka Jumatatu. Ukileta linaloonekana na bado ni la kwenu, nitalipokea. Usipoleta, la moto linaingia, na silaha za shujaa anachukua Abdulaziz."

Warda akasema sawa. Alijua kwamba Abdulaziz ni mchoraji hodari, na mikoko hajawahi kuiona. Hata hivyo hakujuta. Alikaa barazani akachora, akafuta, akachora. Akifanya la kweli, linakuwa mwiko. Akilikuza, linakuwa la watu wa wapi. Bandu bandu humaliza gogo, alijiambia, lakini gogo lile lilikuwa kama linaota upya kila asubuhi.

Jumamosi umeme ukakatika na chaji ya kibao ikamwishia. Mama yake alikuwa pembeni yake siku zote hizo, akisuka ukili, utepe wa kushonea mkeka, miyaa ya mkindu iliyotiwa rangi nyeusi na nyekundu imelazwa kando yake mafungu mafungu. Kwa kuwa Warda hawezi kukaa mikono mitupu, akavuta miyaa na yeye akaanza kusuka. Kazi ile aliijua kabla ya kujua kusoma. Mkeka uliokuwa ukishonwa ulikuwa na samaki mstari mzima, na Warda akajikuta anawatazama samaki wale kana kwamba leo ndiyo wameingia nyumbani. Samaki wa mkeka hana magamba. Hana mapezi, wala tumbo la mviringo, kwa sababu miyaa haijui mviringo, inakwenda ngazi ngazi. Ana jicho, ana mkia, basi. Na hakuna mtoto wa Rufiji anayeketi juu yake akauliza ni kitu gani.

Warda akaacha ukili aliokuwa akiusuka, akaanza mwingine. Akamwambia mama yake kwamba anataka kusuka shoka. Bi Mwanamina alisema hajawahi kuona shoka kwenye mkeka, kisha akamsogezea miyaa myeusi, maana na yeye ukaidi huo hakuuokota njiani, aliurithisha.

Kutu ikawa ya kwanza kuondoka, kisha ufa, kisha alama ya visu viwili. Iliuma kidogo kuiacha ile alama, lakini miyaa haikuwa na mahali pake. Alipoupunguza unene wa kichwa cha mpini, pale chuma kinapopenya mti, mama yake akasema sasa ni jembe. Akaurudisha, akauzidisha, kikawa kichwa kinene kupita cha kweli, na shoka likazidi kuwa shoka. Makali akayapanua yakashuka ngazi ngazi. Alipomaliza akaliinua juu. Mama yake akalitazama, akasema, "Hilo litapotea topeni."

Warda akakumbuka. Kamba. Kila mkata mikoko wa kwao alifunga kamba ya usumba wa nazi kutoka mpini hadi kiunoni, kwa kuwa shoka likiponyoka kwenye tope lile, humezwa, na hakuna wa kulizamia. Yeye alikuwa amechora shoka la nyuma ya mlango, lililostaafu, na kamba yake iko uani imefungwa mbuzi. Alikuwa amechora kila mkwaruzo na kuusahau uhai wa shoka zima. Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima kumbe ameushika.

Umeme uliporudi hakula. Alichora kichwa kinene, makali ya ngazi ngazi, na kamba ndefu nyekundu, nyekundu ileile ya miyaa, inayopepea nyuma ya Sijaona kila anapokimbia. Kisha akaongeza ambalo halijawahi kutokea Mbwera: Sijaona analirusha shoka, na kulivuta lirudi kwa kamba. Mzee Maneno alipoelezwa alipinga papo hapo. Shoka halirushwi, alisema, ni utovu wa adabu na ni hatari.

"Kwetu halirushwi, baba," Warda akamjibu. "Kwa majini, linarushwa."

Jumatatu, kabla ya kumtumia Hemedy, alilipunguza mpaka ukubwa wa ukucha, akaenda kijiweni. Iddy alikuwa juu ya pikipiki, hakushuka wala hakuisogeza simu puani. Alisema hilo ni shoka la mikokoni, si unaiona kamba, kisha akauliza gemu inatoka lini. Hemedy naye alipoliona hakusema hapo sasa. Aliliingiza kwenye gemu, akalirusha kwenye skrini, akalivuta, akarusha tena, na mwisho akasema anamwambia Abdulaziz aendelee na maadui.

Jioni Warda alimpa baba yake simu yenye gemu ya majaribio aliyotumiwa na Hemedy. Mzee hajawahi kucheza gemu na hakuwa na nia ya kuanza. Alimwacha Sijaona asimame tu, kwenye tope la kuchorwa, shoka mkononi, kamba nyekundu ikicheza kwa upepo usiokuwapo. Hakuuliza ni la watu wa wapi. Mkono wake wa kushoto ulishuka taratibu hadi kiunoni, pale anapofungia msuli, ukapapasa fundo ambalo halijakaa hapo kwa miaka.