Bekoni ya Baba Mkwe

Mimi si mtu wa kutulia. Hata kula nakula nimesimama. Sasa fikiria nilivyoteseka baba mkwe alipokuja kukaa kwetu Soweto, Mbeya, nikawa mtu wa kujibanza nyuma ya milango ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Mimi ni Mhehe wa Kilolo, mume wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na kwao mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamwoni, haongei naye, hatamki jina lake. Wakristo wengi walikuwa wameshalegeza, lakini mzee huyu, pamoja na ubatizo wake, kwenye hilo alitia ngumu. Alikuja mjini kwa sababu ya presha, awe karibu na hospitali. Chumba chake kilitazama uani, mkabala na jiko langu. Akitaka kutoka anakohoa, nami najifungia jikoni. Nikitaka kupita nagonga mfuniko wa sufuria, naye anasubiri. Chakula alipelekewa na mume wangu, na mume wangu akiwa kazini niliweka sahani kwenye kigoda mlangoni, nikabisha, nikakimbia. Tangu niolewe sikuwahi kuuona uso wake.

Na bekoni ilitoka kwetu Iringa. Mama yangu alijifunza kuitengeneza usichana wake, alipokuwa akipika kwa masista. Ubavu wa nguruwe unasuguliwa chumvi na sukari kidogo, unalazwa siku kadhaa mpaka utoe maji, kisha unaning'inizwa juu ya moshi wa magunzi. Kila alipopata msafiri alinitumia kipande kimeviringishwa kwenye kitambaa. Mimi nakikata vipande vyembamba, nakiweka kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, basi. Mafuta yanaanza kutoka yenyewe, kingo zinajikunja na kuwa nyekundu, na wewe unasimama hapo mate yanakujaa. Mafuta yale nilikaangia kiporo cha ugali, maana ya dukani yalikuwa yameadimika. Jamani, ugali ule! Ganda la nje linavunjika mdomoni, ndani laini, na chumvi kidogo. Nilikuwa naungua vidole kwa kukosa subira.

Asubuhi moja ya baridi kali, ile ya mwezi wa sita, harufu ikavuka ua. Jioni mume wangu akaja jikoni anacheka. "Baba anauliza, hicho kinachonukia ni cha mwenye jiko peke yake?"

Kesho yake nikampelekea vipande viwili. Sahani ilirudi safi kama imeoshwa. Kuanzia siku ile nikawa namkaangia kila nilipokuwa nayo, na ikichelewa kutoka Iringa, anatuma salamu za kumuulizia mama yangu afya. Nilijua vizuri anaulizia nini.

Kisha daktari akamwita mume wangu pembeni. Presha imepanda. Chumvi basi, mafuta basi, na hiyo nyama ya nguruwe ya chumvi asiiguse kabisa, la sivyo ataanguka.

Wee, kulizuka mabishano! Jirani yangu, mama mmoja Msabato, alisema Maandiko yalishakataza zamani, daktari amechelewa tu. Bombani wanawake wengine wakasema kamulia limau, linayeyusha mafuta yote. Mwingine akasema presha haitokani na nyama, inatokana na mawazo, na mzee akinyimwa chakula ndiyo atawaza zaidi. Mzee mwenyewe akatuma neno kupitia mwanawe: "Baba yangu hakuijua bekoni, na alikufa kijana."

Nikaacha kumpa. Nikapika mchicha na maharage yasiyo na chumvi. Sahani ikarudi haijaguswa. Kesho yake vilevile.

"Mpe tu," mume wangu akasema. "Atakufa na njaa kabla ya hiyo presha."

"Na akianguka? Huku nyumbani mchana nipo mimi peke yangu. Atanyanyuliwa na nani?"

Nami sikulala vizuri tena. Niliogopa, nasema kweli. Nilikuwa nimempenda mtu ambaye nilimjua kwa kikohozi na kwa sahani, na sikutaka afe. Kilichonikera kuliko vyote ni kwamba sikuwa na ruhusa ya kwenda kumwambia mwenyewe. Ningepewa robo saa mbele yake ningemsemesha, ningembembeleza, ningemgombeza kama baba yangu wa kunizaa. Lakini maneno yangu yalipita kwa mume wangu, naye kwa baba yake alikuwa mpole mno. Nikimpa maneno makali, yalifika kule yamekuwa salamu.

Nikajaribu njia nyingine. Nikaloweka bekoni usiku kucha, nikamwaga maji, nikaichemsha, nikamwaga tena, nikaibanika mpaka mafuta yakaisha. Niliionja. Ilikuwa kama kipande cha mkeka. Nikampelekea hivyohivyo.

Jibu likaja jioni: "Mwambie mwenye jiko nguruwe huyu amebatizwa mara mbili, sasa amwache apumzike."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini safari hiyo aliimaliza, na maharage pia, nikadhani tumepatana.

Ikaja Jumamosi. Mume wangu yuko kazini nusu siku, jirani Msabato ameenda kanisani. Nikaweka uji kwenye kigoda, nikabisha, nikakimbilia jikoni. Sikusikia kikohozi. Nikangoja. Nikagonga mfuniko. Kimya. Nikatoka nikaita uani, "Jamani, kuna mtu?" Hakuna mtu. Ndipo kitu kikaanguka chumbani, kizito.

Haki ya Mungu, hata wakati ule sikuthubutu kuingia nikitazama mbele. Nilijifunika kanga kichwani nikaingia kinyumenyume, nikipapasa kwa mkono, kama mwendawazimu, mpaka kisigino kikagusa mguu wake. Ulikuwa wa baridi. Nikasema, "Liwalo na liwe," nikageuka.

Alikuwa mtu mdogo. Kwa kikohozi kile nilidhani ni pande la mtu! Alilala kando ya kitanda, mdomo umeenda upande, na mkono mmoja uliokuwa bado na nguvu alikuwa akiuinua, taratibu, ajifunike uso nisimwone. Nikaushika. "Baba," nikamwambia, "acha." Nikambeba mgongoni mpaka barabarani, nikipiga kelele, hadi mwenye gari akasimama.

Hakufa. Daktari alisema presha ilikuwa imeshamla miaka mingi, hawezi kusema ni bekoni wala kwamba si bekoni. Mume wangu hakuila tena. Mimi naila mpaka leo, ila siili kwa raha ya zamani, nakula huku nahesabu chumvi.

Wazee wa Tukuyu walikuja hospitali, wakanong'ona, wakasema nimeshambeba, hakuna cha kukwepana tena. Basi nikaruhusiwa kumhudumia. Lakini ulimi wake ulikuwa mzito, maneno hayatoki. Mimi niliyekuwa na maneno ya kumwaga, nikakaa mbele ya mtu asiyeweza kunijibu.

Siku ya kwanza nilimpelekea uji usio na chumvi. Alionja kijiko kimoja, akafunga mdomo. Kwa mkono ule mzima akanichorea kikaango hewani, akageuzageuza vidole, kisha akainua viwili: vipande viwili.

Moyo uliniuma. Nilitamani kutoka mbio nikamkaangie, ale, acheke.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Sikupi. Nimekataa mimi, si daktari, wala si mwanao. Nataka uishi."

Machozi yakamtoka jicho moja, lile zima. Kisha akafungua mdomo, nikamlisha.