Mwalimu wa Nyuma ya Tangi

Nakumbuka Ijumaa moja ya kufunga shule, mwanangu, nimesimama kwenye ua wa wakwe zangu kule Temeke, nimeshika ripoti ya kaka yako Idi, namsubiri wifi yangu Rehema aniulize lile swali ambalo mji mzima huulizana siku hiyo. Hakunichelewesha. Aliuliza hata hajavua viatu.

"Mama Idi, mwanetu kawa wa ngapi?"

Nikamjibu kwamba ripoti ina makosa ya uchapaji. Rehema akacheka, akaingia ndani. Alikuwa na haki ya kucheka. Binti yake, Zuhura, alikuwa wa kwanza tena, kusoma na kuhesabu, darasa la pili lilelile aliloketi Idi wangu. Sasa fikiria, katika ua ule mie peke yangu ndiye niliyemaliza chuo kikuu, na nilihakikisha hakuna anayelisahau hilo. Nilivyoona mie, mtoto wa kwanza alipaswa kutoka chumbani kwangu.

Wivu ule ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikisikia Zuhura anamsomea bibi yake maandishi ya mfuko wa unga, naongeza sauti ya redio. Akipita na sare yake safi, namtafutia doa. Mtoto wa miaka minane, mwanangu, na mie mtu mzima na shahada yangu ukutani.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikosesha usingizi kuliko Zuhura. Mwalimu wao alikuwa amenieleza kwamba mtoto atakayeshindwa kusoma kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka atalikariri darasa. Kwenye mtihani huo kila mtoto husimama peke yake mbele ya mwalimu, asome kifungu kwa sauti, kisha afanye hesabu. Idi akisimama pale alikuwa anakauka kama amemwona nyoka.

Basi likizo ile, jioni moja, nikaenda kuchota maji nikasikia sauti nyuma ya tangi. Nikachungulia. Zuhura alikuwa amejifunga kanga yangu, ile ya maua ya njano niliyodhani imeibiwa kambani, na mkononi ana mwiko. Idi amekaa chini, mfuko mtupu wa unga mapajani, mbele yake vizibo vya soda vimepangwa mafungu mafungu.

"Soma tena," Zuhura anamwambia. "Usinitazame mie, tazama neno."

"Ticha, nimechoka."

"Ticha hachoki, na wewe usichoke."

Idi alikuwa anacheka. Hilo nililikumbuka baadaye. Siku ile niliona kitu kimoja tu: mtoto wa Rehema amemsimamia mwanangu na mwiko. Nikamvua kanga, nikavitupa vizibo, nikamwambia Idi kuanzia leo hakuna kucheza na Zuhura. Kesho yake nikamtafutia mwalimu wa tuisheni, kijana mpole aliyevaa tai hata Jumapili. Rehema akaona, akaguna tu, "Haya, wasomi."

Shule zilipofunguliwa, katikati ya muhula, mwalimu wa darasa akaniita. Alikuwa na nakala ya ripoti ile ya kufunga shule na matokeo ya jaribio jipya, akaviweka sambamba mezani.

"Mama Idi, nyumbani kumetokea nini? Muhula uliopita alama zake zilipanda sana, nikajua kuna mtu anamsomesha. Sasa amerudi kulekule."

Zilipanda. Ripoti ile niliishika mchana kutwa, mwanangu, na sikuziona alama. Nilisoma nafasi, halafu nikasoma nafasi ya Zuhura.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe anachambua mchele. Nikamweleza, nikitumaini atamlaumu kijana wa tai. Hakuinua hata uso.

"Huyo mtoto alikuwa na mwalimu, ukamvua nguo mbele ya mwanafunzi wake," alisema. "Unataka nikwambie nini, Mama Idi? Mlango wa wifi yako unaujua."

Kutoka kwake hadi mlangoni kwa Rehema ni hatua chache, na sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Nilikwishajiandaa kutaniwa. Rehema alinisikiliza, akasema, "Mie siye ninayefundisha, wifi. Muombe mwenyewe." Akamwita Zuhura.

Nikamuomba. Zuhura akafikiri, mikono nyuma, kama mwalimu mkuu.

"Sawa, anti," akasema. "Ila na kanga."

Nikaenda kuileta. Mwisho wa mwaka Idi alisimama mbele ya mwalimu, akasoma kifungu chake mpaka mwisho, akapanda darasa la tatu. Zuhura akawa wa kwanza, na nisikudanganye, kooni pakachoma tena.

Nakwambia haya kwa sababu jana umenitumia picha ya matokeo kutoka kundi la wazazi, na jina ulilolizungushia wino mwekundu ni la mtoto wa jirani. La mwanao nimelitafuta mwenyewe. Mwanangu, wivu utakuja, sikuombi uuzuie, mie mwenyewe nimeshindwa. Ila ukishika ripoti, anza na alama za mtoto wako, uziweke karibu na zake za mwanzo, umpongeze kwa kilichoongezeka. Nafasi itazame mwisho, ukiwa umeshakula. Halafu chungulia ujue anajifunza kwa nani huku akicheka, na mtu huyo, hata awe mtoto wa unayemwonea kijicho, usimguse.

Mungu akukuzie mwanao, amfungue ulimi mbele ya kila atakayemsimamisha asome. Akupe na wewe jirani mwenye mtoto hodari, na moyo wa kumwazima kanga yako nzuri.