Kidole cha Golikipa

Msimu ule tulifungwa mechi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na baada ya hapo hata wauza mihogo pale nje ya chuo walikuwa wakituuliza tumefungwa ngapi, si kama tumefungwa. Tulikuwa chuo cha ualimu, njia ya Pongwe, na nahodha nilikuwa mimi. Niseme ukweli tangu mwanzo: mpira tulikuwa hatuujui. Mabeki tulikuwa wazito, nami mzito kuliko wote, na mshambuliaji wetu alipiga mpira kama anafukuza kuku. Lakini nani anayakubali hayo akiwa na miaka ishirini na mbili?

Tukaunda kamati ya ufundi. Usidhani ilikuwa ya kufundisha mpira. Kazi yake ilikuwa kutafuta dawa, na kila timu ninayoijua inayo, ingawa hakuna anayekiri hadharani. Kamati ikapanda hadi kwa mganga mmoja wa huko Amani, ikarudi na masharti. Uwanjani tusipite getini, turuke ukuta. Siku ya mechi tusimpe mkono mtu asiye wa timu, na ukishikwa kwa bahati mbaya unawe hapo hapo, kabla nuksi haijaingia mwilini.

Golikipa wetu alitoka Pemba. Alikuwa mpole, mtu wa swala tano, na ndiye pekee aliyeijua kazi yake. Bila yeye tungefungwa kumi kila wiki. Sisi tulichoona ni kimoja tu: Mpemba, basi dawa anazo. Tukambana azilete. Alisema kwao amesoma Kurani na kuchuma karafuu, mengine hayajui. Tulicheka, tukamwambia aendelee kuficha.

Aliporudi kutoka likizo ya Idi alikuja na mfuko wa karafuu, mama yake amempa za kutia kwenye chai. Alitueleza hivyo, hatukumsikiliza. Tuliuchukua mfuko, tukazifukia zote chini ya milingoti ya goli letu, naye amesimama anatutazama. Siku ile tulifungwa mabao manne. Kamati ikakaa bwenini, ikaamua kwamba karafuu zile zililetwa kutumaliza, na kwamba Mpemba ametuuza. Nilijua si kweli. Mawili kati ya yale manne yalipita miguuni mwangu. Nikanyoosha mkono kuunga hoja, maana kosa lisipokuwa lake lingekuwa langu.

Wiki ile ile alinifuata bombani nikifua jezi. Baba yake alikuwa anakuja na boti, mara ya kwanza maishani mwake kuvuka kuja Tanga, kumtazama akicheza mechi ya mwisho. Mzee huyo aliupinga mpira miaka yote, akiuita upuuzi, na sasa amekubali kuona mara moja.

"Nipange siku hiyo moja tu, kapteni," aliniambia. "Ukitaka, baada ya hapo nisicheze tena."

Nilimwambia nitaangalia. Jibu nilikuwa nalo tayari. Orodha niliirusha kwenye grupu letu la simu siku moja kabla ya mechi, na jina lake halikuwemo.

Tulicheza kwenye uwanja wa Nguvumali. Kamati ilimkataza hata kukaa benchi, kwa hiyo alisimama na baba yake nyuma ya kamba, pamoja na watazamaji. Mzee alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya. Golini tulimweka mwanafunzi mmoja ambaye sifa yake yote ilikuwa urefu. Tulifungwa sita. Kila bao lilipoingia wenzangu walimgeukia Mpemba pale kambani, na mmoja alimtukana waziwazi, mzee anasikia.

Filimbi ya mwisho ilipolia mzee alikuja moja kwa moja hadi nilipo, mwanawe nyuma yake. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili kabla sijauficha.

"Nashukuru, mwanangu," alisema. "Keshanambia umempumzisha kwa ajili ya kidole. Mngu akujaalie kwa kumtunza."

Nilimtazama golikipa. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa bandeji nyeupe, safi, bila tone la dawa. Jana yake nilimwona akila wali kwa kidole hicho hicho. Mtu ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo alikuwa amemdanganya baba yake, ili mzee arudi Pemba akijua mwanawe anaishi na watu.

Neno lolote jema lingetosha. Lakini wenzangu walikuwa wanautazama mkono wangu ulioshikwa. Nikauchomoa, nikaenda kwenye bomba lililokuwa hatua chache pale pembeni, nikanawa hadi kiwikoni, ilhali mechi imekwisha na hapakuwa na chochote cha kulinda. Nilipogeuka, mzee alikuwa bado amesimama palepale, ameikunjua mikono yake, anaitazama viganjani. Mwanawe alikuwa anaifungua bandeji.