Cherehani Iliyozikwa Kila Mwaka

Habari ilinifikia Arua asubuhi ya Jumanne, kwa simu, na aliyepiga hakuzunguka: yule mama fundi cherehani wa Midia ametutoka, maziko ni kesho. Wanaonisoma hapa kila wiki wanajua sina mkono mwepesi wa kusifu marehemu. Nimeketi kwenye matanga mengi nikasikia walevi wakigeuzwa watakatifu, nikanyamaza kwa heshima ya wafiwa na kunywa chai yangu. Huyu nitamsifu, tena kwa jambo moja tu. Mengine yote, ukali wake, uchoyo wake wa vifungo, tabia yake ya kukupima kiuno huku akikuambia umenenepa, wateja wake wa soko la Koboko wanayajua kunishinda.

Nilimfahamu nikiwa mwalimu wa shule ya msingi huko Koboko, yeye akishona sare za watoto. Mwaka mmoja, mvua zikielekea kuisha, nilimpelekea suruali iliyochanika, akaikataa. "Mwalimu, leo hapana kazi. Leo mashini inalala chini." Nikadhani imeharibika. Akanicheka, akasema kama sina haraka nimfuate nyumbani Midia nikaone kwa macho yangu. Nyuma ya jiko lake palikuwa na shimo lililokwisha chimbwa. Alikifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akachomoa sindano na kuichomeka kwenye kola ya gauni lake, akapaka chuma chote grisi ya baiskeli, akakifunga kwa gunia na turubai. Akakishusha shimoni, akafukia, akatandaza majivu na maganda ya muhogo juu yake. Kisha akaketi kando kwenye kigoda na kukaa hapo hadi jua lilipoinama upande wa Kongo, ndipo akafukua.

Katika kukaa huko alinisimulia. Mwaka ule wa kukimbia, wanajeshi wa serikali mpya walipokuwa wakija wakiua, na mkoa wetu mzima wa West Nile ukimiminika Kongo na Sudan, yeye na mumewe waliizika cherehani hapo hapo, kwa namna hiyo hiyo. Mume akamwambia atangulie na watoto. Yeye angebaki kidogo atandaze majivu na takataka za jikoni, mtu asijue udongo umeguswa, kisha awafuate. Hakuwafuata, na mwili wake haukuonekana. Kule Kongo mama yule aliwalisha watoto kwa ile sindano aliyoondoka nayo kwenye kola, akiwashonea watu viraka kwa mkono nao wakimpa muhogo. Aliporudi baada ya miaka, nyumba haikuwapo, na nyasi zilikuwa zimempita kimo. Alitafuta shimo siku tatu. "Ile bwana alifanya kazi safi," aliniambia. "Hata mimi mwenyewe nilipotea." Alisema hivyo kwa fahari, kama mke anayekuonyesha nyumba aliyojengewa. Mimi nilisimama pale, suruali yangu ingali kwapani.

Baada ya hapo nilikwenda karibu kila mwaka, na mambo yakaanza kubadilika. Wajukuu wakakua. Siku ya shimo ikawa na soda, mandazi na muziki, na wasichana wakapiga picha za simu huku wakicheza kando ya majivu. Mmoja wao, binti wa mtoto wake mkubwa, ndiye aliyecheka kuliko wote. Niliudhika hasa, nikamwambia bibi yake kwamba watoto hawa wanachezea kifo cha babu yao. Hakuinua hata kichwa. "Waache wacheze. Sisi tumelia hapa, ilitosha. Na wewe mwalimu, ya Kongo unakumbuka nini?" Ninachokumbuka ni miwa. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa nyuma ya baiskeli ya baba, na kwangu Kongo ilikuwa miwa, mto wa kuogelea, na hakuna shule. Mama yangu, hadi anakufa, kila aliposikia mto ule ukitajwa alitoka nje ya chumba. Mwanamke mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini, jirani wa fundi sokoni, alikuwapo siku hiyo ya shimo. Kabla shimo halijafukiwa, wengine wakicheza, yeye alipiga magoti, akaingiza mkono shimoni hadi begani, akauliza kama mtu anayepanga kuzika chake, "Mama, chini namna hii inatosha?" Wazee wawili tu ndio waliosikia swali lile, mimi na mwenye shimo.

Huku Ombaci, kando ya Arua, tuna mahali petu pa kuwakumbuka waliouawa miaka ile, na watu husimama na kusali. Nimewahi kuandika katika ukurasa huu huu kwamba vijana wanakuja pale kama wanaokuja harusini, na kwamba sisi tulioona tukiisha, basi kumbukumbu nayo imeisha. Niliandika kwa hasira na barua zenu nyingi ziliniunga mkono. Niliamini hivyo mpaka Jumatano iliyopita.

Maana siku ya maziko, jeneza likiwa bado uani, mtoto mkubwa wa marehemu aliibeba cherehani mikononi na kuiweka kando ya kaburi. Ni mtu wa rika langu, mpole, na sikuwahi kumwona akiigusa mashine ile. "Baba alikufa sababu ya hii mashini," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Angeiacha, angekimbia na sisi. Kila mwaka mama ananiita nione shimo, na kila mwaka mimi naona baba. Leo iende na yeye. Tumwage simenti, iishe." Mimi nilimwonea huruma hadi nikatikisa kichwa kukubali, na mafundi wakaanza kuchanganya mchanga.

Ndipo akaja yule binti yake, yule wa kucheka. Alikuwa amelia, macho yamevimba, simu sijui ameiacha wapi. Akapiga magoti mbele ya baba yake kama adabu inavyotaka. "Baba, unisamehe. Bibi alikuwa nazika hii mashini sababu jioni inatoka. Kila mwaka ilitoka. Mukizika na yeye, nani atatoa?" Baba mtu akaketi chini, pale pale kwenye udongo wa kaburi, akalia kwa sauti kama mtoto wa miaka kumi, umri aliokuwa nao siku ile ya kukimbia. Hatukumnyamazisha. Alipomaliza alisema, "Toa basi." Binti akaiinua cherehani, akachomoa sindano, akaichomeka kwenye kola ya gauni lake jeusi. Nilimwuliza kama anajua kwa nini bibi alifanya hivyo, nikiwa tayari kumfundisha, ualimu hauniishi. Akanijibu, "Sindano hapana zika. Hiyo iko ya kutembea nayo."

Basi nimekosea, na nakubali mbele yenu. Nilidhani anayekumbuka ni yule anayelia kama mimi, na mahali ninapolia mimi. Marehemu alikumbuka kazi safi ya mumewe, mwanawe akakumbuka baba aliyebaki nyuma, mimi nakumbuka miwa, na yule binti, katikati ya soda na muziki, alikuwa akitazama mikono ya bibi yake kwa makini kunishinda mimi niliyeketi pale nimenuna. Tuwaache wakumbuke kwa namna yao, na tusiwakatalie kukaribia shimo. Mvua zikiisha mwaka huu binti atazika na kufukua, ameniambia. Nitakwenda Midia, na soda nitanunua mimi.